Mguu Chini ya Taa Nyekundu

Mama alijikata mguu wa kushoto kwa muhoro, kile kisu chetu kilichopinda cha kupogolea migomba, na kwa wiki mbili hakumwambia mtu. Kidonda kilikuwa ubavuni mwa mguu, chini kidogo ya kidole cha mwisho, urefu wake nusu ya kidole changu cha shahada. Nilikipima. Nauza viatu vya mitumba sokoni Bukoba, na biashara hiyo humzoesha mtu kuhesabu kila kitu mara mbili, maana kiatu kisicho na mwenzake hakiuziki hata kwa nusu bei. Kinatupwa.

Nilipofika nyumbani Nshamba nilimkuta jikoni anamenya ndizi, mguu ameufunga kipande cha kanga kuukuu. Kisukari anacho miaka mingi, na miguu yake ilishaacha kumpa habari.

"Hakiumi," akaniambia. "Kingekuwa kibaya kingeuma."

"Mama, wewe hata ukikanyaga kaa la moto huumii."

"Basi Mungu ana huruma."

Tabibu wa zahanati alimwandikia vidonge vya rangi mbili, kimoja mara tatu kwa siku, siku saba. Cheti nikachukua mimi. Kwenye duka la dawa nikapiga hesabu: ishirini na moja. Nikarudia, ishirini na moja. Nikamwambia muuzaji, "Vyote hivi kwa mguu mmoja? Nipe vya siku tatu kwanza, tuone." Naye hakubisha. Akanihesabia tisa kwenye bahasha ndogo, kama watu wengi wanavyonunua, na mimi nikatoka dukani nimeridhika kana kwamba nimemshinda mtu.

Kidonda kikakauka juu. Mwezi uliofuata kikafumuka. Safari hii cheti kilikuwa na dawa nyingine, kali zaidi, viwili kwa siku kwa siku kumi. Nikanunua vya siku nne. Kikakauka tena, kikafumuka tena, na kilipofumuka mara hii kilikuja na harufu. Mguu ulivimba mpaka kifundo kikapotea. Ndipo nikamleta Bukoba, nikamlaza chumbani kwangu Kashai, mimi nikahamia kwenye kochi, na asubuhi tukaenda hospitali.

Daktari alikuwa dada mdogo kuliko mimi, mgeni wa mkoa huu, hajui Kihaya hata salamu. Alichota usaha kwa pamba iliyo kwenye kijiti, akaupeleka maabara. Baada ya siku chache akatuita. Mkononi alikuwa na karatasi yenye orodha ya dawa, na mbele ya kila dawa kuna herufi.

"Hii R ni nini?" nikamuuliza.

"Ni sugu. Wadudu walio kwenye kidonda cha mama hawasikii tena dawa hiyo."

Nikahesabu zile R. Nane. Nikaanza upya kutoka chini kwenda juu. Nane. Dawa moja tu ndiyo haikuwa na R, nayo ni ya sindano, inataka siku kumi na inazielemea figo, na figo za mama si mpya.

"Wanakuwaje sugu?"

"Dawa ikiingia, wanaokufa kwanza ni dhaifu. Ukiikatiza hapo, unawaachia uwanja wale wenye nguvu. Wanazaana." Akaniangalia. "Zile dozi za mwanzo, alizimaliza?"

"Alimaliza," nikasema. Nililisema haraka na kwa uso mkavu, kama ninavyomwambia mteja kwamba soli haijawahi kushonwa.

Halafu daktari akatueleza linalofuata endapo mambo hayatatulia. Alichora mstari kwa kalamu, hewani, hakugusa ngozi. Mstari ulipita juu ya kifundo. Mama anakijua Kiswahili cha kanisani na cha mnadani, cha hospitali anakikwepa, lakini mstari hauhitaji lugha. Akauvuta mguu taratibu, akauficha chini ya kitenge.

"Kuna kitu kingine tunakijaribu," daktari akasema. "Ni mwanga."

Hospitali ilikuwa imeletewa taa ya utafiti. Kidonda kinapakwa dawa ya rangi ya buluu, kinafunikwa kitambaa cheusi dakika tano, kisha kinamulikwa taa nyekundu dakika kumi. Mara mbili kwa wiki, mara sita jumla. Baada ya hapo kidonda kinapimwa upya na daktari wa upasuaji anaamua kuhusu mguu. Nikauliza gharama. Akasema hakuna, ni sehemu ya utafiti. Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi wa kweli. Nilisoma ile fomu ya kukubali mara mbili nikitafuta mahali walipoficha kitu, sikupaona. Mama akaweka dole gumba.

Chumba chenyewe kilikuwa mwisho wa baraza, na pazia zito dirishani. Tulivaa miwani nyeusi sote watatu. Mama akaivaa juu ya kilemba chake, akakaa wima, mguu juu ya kigoda, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Ile buluu iligusa kila kitu: shuka, kitenge, ukucha wa daktari.

"Rangi inawashika wadudu," daktari alieleza huku taa inawaka. "Mwanga unaiamsha rangi, na ikiamka inawachoma palepale ilipowashikia. Haijali walishazoea dawa gani."

"Na hili hawatalizoea?"

"Si rahisi. Dawa nyingi humpiga mdudu mahali pamoja, naye hujifunza kupakinga. Hii inamchoma kila upande."

"Basi tuache mambo ya sindano."

"Hatuachi. Mwanga huu hauendi ndani, unaishia juujuu. Wadudu wakifika mfupani, hii ni taa ya kusomea tu."

Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu. Ilipofika dakika ya tisa nikasema, "Dada, tumetoka mbali. Ongeza hata tano."

"Kumi."

"Tatu basi. Za mama."

"Kumi, kaka. Zaidi ya hapo naanza kuichoma nyama nzima." Akazima taa. Nimebishana na wauza marobota ya mitumba wa mjini, sijawahi kukutana na mtu anayezima bidhaa mkononi.

Mama hutaka mambo ya mwili wake aambiwe kwa Kihaya, kwa hiyo mtafsiri nilikuwa mimi. Kihaya changu kimekaa mjini muda mrefu. Nilipofika kwenye neno mwanga nilitafuta kidogo, nikashika lililokuwa karibu: omushana. Omushana ni mwanga, ndiyo, lakini ni ule wa jua, wa mchana. Na wadudu niliwaacha kuwa wadudu tu, nikasahau kwamba kwa mtu wa Kagera, ukitaja taa kali na wadudu kwa pumzi moja, umetaja senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Kila msimu wanawashiwa mataa makubwa, wanafuata mwanga, wanagonga mabati na kuporomokea kwenye mapipa.

Nilielewa tulipomaliza, nilipomwona mama anakunguta shuka na kuchungulia chini ya kigoda.

"Unatafuta nini?"

"Mbona hawajadondoka?"

"Kina nani?"

"Hao wadudu."

Nilipomtafsiria daktari, alicheka mpaka akavua miwani. "Mwambie hawatoki nje. Wanafia humohumo."

Nikamwambia mama, "Anasema wanakufa." Nilikuwa na wateja wananisubiri sokoni, nikaona inatosha.

Tukaenda mara ya pili, ya tatu, ya nne. Harufu ilipungua kwanza, kisha uvimbe. Kifundo kikaanza kuonekana tena. Wanawake wa jumuiya yake walikuja mjini kumwona, wakamkuta na vidole vya buluu.

"Bojo, jamani, hii imekuwaje?" mmoja akauliza.

"Nimepiga kura kwa mguu," mama akajibu. "Mnavyomchagua huyo mbunge wenu kwa mikono, mnaona faida gani?"

Kati ya mara ya nne na ya tano akaomba kwenda nyumbani. Kahawa ilikuwa imeiva na hakumwamini mtu. Daktari akamruhusu siku tatu kwa sharti moja, bandeji isifunguliwe. Siku ya pili, saa nne asubuhi, mama akanipigia simu. Ananiita tata, yaani baba, kama mama zetu wanavyowaita watoto wa kiume wanapotaka kitu.

"Tata, omushana huku ni mwingi."

"Ni mwingi?"

"Tangu asubuhi. Ule wa hospitali si dakika kumi tu?"

Ningeweza kusema hapana. Badala yake nikafanya hesabu. Dakika kumi, mara mbili kwa wiki, na daktari mwenyewe haongezi hata moja. Huku Nshamba saa nzima nzima, hakuna wa kuzima. Nikajiona mwerevu.

"Basi uote kidogo," nikasema. "Usizidishe."

Siku ya tatu nilikwenda kumchukua. Nilimkuta uani, kiti chake kimewekwa kwenye ukingo wa mkeka wa kahawa, bandeji imetundikwa kwenye kamba ya nguo, na mguu wa buluu umenyooshwa juu ya mkeka katikati ya kahawa mbichi. Jirani alikuwa upande wa pili na mguu wake mwenyewe, una kidonda cha zamani, naye ameunyoosha vilevile. Kila mara mama alipochukua reki kugeuza kahawa, aligeuza na mguu. Upande huu, halafu upande ule. Anajua kazi yake. Kahawa inayoanikwa upande mmoja huota ukungu.

"Karibu," jirani akanipokea. "Wewe ndiye uliyemtorosha mama yako kumpeleka kwenye taa za mjini? Jua la hapa lilikukosea nini?"

"Umekaa muda gani, mama?"

"Jana kutwa. Na leo."

"Nilisema kidogo!"

"Kidogo ndicho hiki. Hatujala mchana."

Nikainama. Ngozi yote kuzunguka kidonda ilikuwa nyekundu na ina malengelenge, mengine yamepasuka, na ndani ya kidonda kumeingia vumbi na ganda moja la kahawa. Hausikii, mguu ule. Ungechomwa mpaka mfupa na yeye angekuwa anageuza kahawa. Tulirudi Bukoba. Nilihesabu nguzo za umeme mpaka zikanipotea, na sikuanza upya.

Daktari alifungua bandeji. Akachukua koleo ndogo, akalitoa lile ganda, akaliweka kwenye kisahani.

"Hii ni nini?"

"Kahawa."

"Nani alisema auanike mguu?"

Nikamweleza habari ya omushana, nikaieleza vizuri, maana lugha haina mtu wa kuitetea. Akasikiliza. Akasema rangi hubaki kwenye nyama hata baada ya kusafishwa, na jua nalo huiamsha, tena bila kipimo, ndiyo maana alitaka bandeji ikae. Taa yake ina rangi moja na dakika zake. Jua lina kila kitu na halina saa. Sasa itabidi tusubiri ngozi ipone, wiki nzima bila taa, na wadudu waliobaki hawatasubiri pamoja nasi.

"Kwa hiyo naanza ile sindano leo," akasema. "Ndiyo dawa ya mwisho niliyo nayo. Ikikatizwa katikati, sina nyingine, na mguu unaondoka. Kwa hiyo nitakuuliza mara ya pili, na unijibu taratibu. Zile dozi za mwanzo, zilimalizwa?"

Mama alikuwa amekaa kati yetu. Siku zote aliwaambia watu kwamba mwanawe alimnunulia dawa nzuri, ila mguu wake ndio mkaidi.

"Hazikumalizwa," nikasema. "Za kwanza nilinunua za siku tatu kati ya saba. Za pili siku nne kati ya kumi."

"Kwa nini?"

"Niliona ni nyingi."

Sikutafsiri. Haikuwa lazima. Mama alinitazama, kisha akatazama ukuta.

"Hata hizo sikuzimeza zote," akasema, kwa Kiswahili, akimwambia daktari moja kwa moja. "Nilipoona kimekauka, nikaziweka."

"Umeziweka wapi, mama?"

"Kwenye kopo la maziwa ya unga. Akiba. Mtu hamalizi kitu cha maana siku moja." Akafikiri. "Mbili nilimpa kuku, alikuwa anasinzia."

"Kuku alipona?"

"Alikufa."

Daktari akaandika. Sijui kama aliandika na ya kuku. Mimi niliulizia idadi, tukapiga hesabu pale pale: katika vidonge tisa nilivyonunua alimeza vitano, katika vinane alimeza vitatu. Nilikuwa nimepunguza, naye akapunguza kilichopunguzwa. Wadudu walipewa vionjo tu. Badala ya kumwomba radhi, nikamrekebishia kitenge begani. Akaniachia.

Sindano zilikuwa siku kumi, asubuhi na jioni, na damu yake ikipimwa kuangalia figo. Mama alilazwa. Kila asubuhi nilifika kabla ya kufungua kibanda, nikachora mstari kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari langu, na kila jioni mwingine. Siku ya sita mguu ulikuwa umenywea, homa hakuna, naye akaanza.

"Tata, si imetosha? Nimepona. Kahawa inadondoka."

"Bado siku nne."

"Hata mbili?"

"Nne, mama."

"Wewe wa kunibania siku?" akasema, akageukia ukuta, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Alikuwa anacheka.

Taa ilirudi baada ya wiki, ikamalizia mara mbili zilizobaki. Nilikaa na miwani yangu na sikuitazama saa. Daktari alitaka kuchota tena usaha, ila haukuwepo wa kutosha, ikabidi akwangue juu ya nyama, ambayo sasa ilikuwa nyekundu ya afya, yenye vipele vidogo kama ulimi wa ng'ombe. Akampeleka mama kupigwa picha ya mfupa. Siku ya majibu alikuja na daktari wa upasuaji, mzee mpole mwenye mikono mikubwa, na karatasi zilikuwa mbili.

Karatasi ya kwanza ilisema wadudu wale wamebaki wachache mno. Ya pili, ile picha, ilionyesha mfupa wa kidole cha mwisho umeliwa. Huko mwanga haukufika, kama tulivyoambiwa. Mifupa mingine ilikuwa mizima. Daktari wa upasuaji akatoa kalamu. Safari hii aliigusa ngozi kabisa, akachora mstari mfupi kwenye shina la kidole kile kidogo.

"Mguu unabaki," akasema. "Hiki hapana."

Niliutazama ule mstari, nikakumbuka ule wa kwanza ulikopita. Mdomo wangu ulishafunguka. Nilitaka kuuliza kama hawawezi kuacha nusu, au kungoja, au kumulika tena. Mama akanigonga mkono.

"Chukueni," akamwambia yule mzee, kisha akamshukuru kwa Kihaya. "Kasinge waitu."

Akakatwa kidole Jumatano, na baada ya wiki mbili akarudi Nshamba. Daktari alimwandikia viatu vya kufunika mguu mzima, akamwambia ajichunguze nyayo kila siku kwa kioo, na asiingie shambani kwa wiki sita. Kwa hilo la mwisho mama alinitazama mimi.

Kwa hiyo nilifunga kibanda, nikachuma kahawa. Sijawahi kuipenda kazi hiyo. Sisimizi wa kwenye mibuni wanauma, kamba ya kikapu inakata kiuno, na mama alikuwa amewekewa kiti kivulini pa migomba, mguu umefungwa vizuri, akitazama kila tawi ninalolishika.

"Hiyo mbichi."

"Ni nyekundu, mama."

"Nyekundu upande mmoja. Igeuze."

Nikaigeuza. Ilikuwa ya kijani. Nikaendelea na tawi jingine, na jingine, na kila mara sauti yake ilinifuata, mpaka nikamwambia kama anaona vizuri hivyo kutokea kule, basi aje mwenyewe. Nilisema kwa kuchoka tu. Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu. Alikuwa anakuja kati ya migomba, pole pole, bila fimbo, anaweka mguu wa kulia, anaweka wa kushoto, anapumzika kidogo, anaweka tena. Wiki sita zilikuwa hazijatimia. Nilipaswa kumfokea. Nilisimama tu na kikapu kiunoni mpaka akanifikia, akanyoosha mkono juu ya bega langu, akachuma moja, akaniwekea kiganjani.

"Iliyoiva ni hii," akasema.